Kabla ya kufungua chupa usiyoijua

Cha kwanza kujua ni saa. Methanoli, pombe ya sumu inayoweza kuwa ndani ya chupa kama hiyo, haimwangushi mtu papo hapo. Analewa kama siku zote, analala, na dalili zenyewe mara nyingi huja baada ya saa 12 hadi 24. Ikiwa imechanganyika na pombe ya kawaida huchelewa zaidi, kwa kuwa ini hushughulikia kwanza ethanoli, yaani hiyo pombe ya kawaida. Basi anaamka kichwa kizito, anasema ni hangova, anazimua, analala tena. Huku ndani, ini linageuza methanoli kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo huzizuia seli kutumia oksijeni. Neva za macho huumia, na ndani ya ubongo putameni, sehemu inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, inaweza kufa kulia na kushoto, pengine na kuvuja damu.

Kwa hiyo chunguza chupa mapema: kizibo kilichokwisha kufunguliwa, lebo iliyobandikwa kombo, pombe kali inayouzwa kwa bei ya kutupa. Ulimi na pua havitakusaidia. Kuwasha kiberiti uone rangi ya moto nako ni kujifariji tu, kwani mchanganyiko hauonyeshi kitu.

Ulizia pia, ukiwa mzima, hospitali ipi ina mashine ya kusafisha damu, na ipi ina fomepizoli, dawa inayolizuia ini kuigeuza methanoli, au ethanoli ya kutibia. Ethanoli hiyo hutolewa kwa vipimo hospitalini. Usiige nyumbani kwa kumwongezea mgonjwa pombe.

Siku ikifika, usingoje. Mtu akilalamika kwamba anaona ukungu au weupe kama theluji, akahema kwa kasi, akatapika, au akakuambia washa taa na taa inawaka, mkimbize. Beba chupa. Andika alikunywa saa ngapi. Ukifika litaje neno methanoli mwenyewe, la sivyo anaweza kuonekana mlevi tu akaachwa alale. Waliokunywa naye waende pia, hata wanaojiona wazima.

Na kabla hajaruhusiwa kutoka, ulizeni kuhusu ubongo, si macho peke yake. Wapo wanaokakamaa viungo na kutetemeka wiki kadhaa baadaye, hata kufunga vifungo vya shati kukawa kazi ya dakika nyingi.