Ukiambiwa una saratani na tumboni una mtoto

Niliambiwa nina saratani ya titi mimba ikiwa na wiki 20. Nilikuwa na miaka 34, na huyo alikuwa mtoto wangu wa tatu. Haya nakuandikia wewe dada uliyepokea majibu leo, umekaa kwenye benchi la hospitali na bahasha mkononi, hujui uanze kumpigia nani.

Anza kwa kutokuamua kitu leo. Mimi sijafika hata kituo cha daladala, shangazi alishanipigia simu kuniambia niitoe mimba niokoe maisha, na mama mkwe akasema nisiguse dawa yoyote mpaka nijifungue. Wote wananipenda. Lakini kwa saratani ya titi, kutoa mimba peke yake hakuponyi ugonjwa, na kukaa miezi mitano bila tiba ni kuupa ugonjwa nafasi ya kusambaa. Katikati ya hayo mawili ipo njia, na inahesabiwa kwa wiki.

Kwa hiyo zijue wiki zako. Kama tarehe ya hedhi ya mwisho huikumbuki vizuri, omba ultrasaundi ikupe umri wa mimba. Miezi mitatu ya mwanzo viungo vya mtoto vinajengeka, na kemo, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, haitolewi. Baada ya hapo baadhi ya dawa hizo hutolewa, si zote. Upasuaji unawezekana mimba ikiwa bado tumboni. Tiba ya mionzi ya titi kwa kawaida husubiri mtoto azaliwe, na vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia homoni isilishe saratani, navyo husubiri. Mimi titi lilitolewa wiki ya 22, kemo nikaipata wiki ya 25, 28, 31 na 34, kisha tukasimama ili damu ipate kujijenga kabla ya uchungu. Kwa mwenye saratani ya mlango wa kizazi au ya damu hesabu ni nyingine kabisa, kwa hiyo usiichukue yangu ukaifanya yako.

Kama bado uko kwenye kutafuta majibu, nakuomba usichelewe kama mimi. Uvimbe niliugusa wiki ya 14 nikiwa naoga, mgumu kama kokwa ya zambarau. Kliniki nikaambiwa, “Ni maziwa yanajiandaa, mama.” Nikarudi nyumbani, wiki nne zikapita. Uvimbe ukidumu wiki mbili, dai ultrasaundi ya titi, haina mionzi. Kuchukua kinyama kwa sindano hufanywa kwa ganzi ya pale pale na kunafanyika hata ukiwa mjamzito. Hakikisha fomu inayokwenda maabara imeandikwa kuwa una mimba, kwa sababu mimba hubadilisha chembe za titi na msomaji anaweza kuchanganyikiwa.

Sasa nunua kauntabuku. Daktari wangu wa saratani alikuwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wa mimba hospitali ya Muhimbili. Kila mmoja na faili lake, na aliyekuwa akipita katikati yao ni mimi. Kila ukurasa niliandika tarehe, wiki ya mimba, jina la dawa na kipimo chake, wingi wa damu, presha, uzito wa mtoto kwenye ultrasaundi. Kila nikiingia nauliza, “Daktari, mmeshazungumza na mwenzako?” Siku moja daktari wa saratani alichukua simu akampigia mwenzake nikiwa nimekaa mbele yake, na tarehe ya kujifungua ikapangwa kwa dakika kumi. Usione haya kuuliza hivyo.

Kuna jambo natamani ningeambiwa mapema. Dawa moja ya kemo, doksorubisini, ni nyekundu kama juisi ya rozela. Usiku ule nilikwenda haja ndogo nikaona wekundu chooni, miguu ikaniishia nguvu. Nilijua mtoto ametoka. Mume wangu akampigia nesi, naye akauliza: pedi ina damu? Pedi ilikuwa nyeupe. Ilikuwa ni dawa inatoka kwenye mkojo, na huchukua siku moja au mbili. Vaa pedi nyeupe siku ya kemo. Ikiwa na damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Homa nayo usiilalie. Ikifika nyuzi 38 baada ya kemo, usipitie duka la dawa kununua ya malaria. Nenda hospitali hata kama ni saa nane usiku, na neno la kwanza mlangoni liwe: “Nina mimba na niko kwenye kemo.” Mitishamba waliyoniletea niliipokea kwa shukrani, sikuinywa.

Utauliza kuhusu akili ya mtoto. Mwaka 2015 Profesa Frédéric Amant wa Leuven, Ubelgiji, na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 129 ambao mama zao walikuwa na saratani wakiwa wajawazito. Ukuaji wao haukuwa nyuma ya wenzao. Kilichohusiana na alama za chini kilikuwa kuzaliwa kabla ya wakati. Kwa hiyo wakitaka kukuzalisha wiki ya 32, uliza sababu, na usiondoke bila jibu.

Maziwa ya kopo yawekee fedha mapema, maana kemo ikiendelea baada ya kujifungua hunyonyeshi, hata titi likiwa zima. Wajulishe wakwe kabla mtoto hajaja. Mimi sikuwaambia, na wiki ya kwanza nililia chumbani kwa maneno ya wageni.

Nilijifungua wiki ya 38, mtoto wa kike, kilo 2.7. Kabla hujaingia leba mkumbushe mkunga kwamba kondo la nyuma lisitupwe, lipelekwe maabara likaangaliwe. Saratani kuvuka kwenda kwa mtoto ni nadra sana, lakini karatasi ya majibu omba nakala. Yangu iko ndani ya kadi ya kliniki ya binti yangu, nyuma ya ukurasa wa chanjo.