Dawa za Presha Zikianza Kuleta Maudhi: Namna ya Kuyatambua Kabla Hujaziacha

Mama yangu mkubwa alikohoa miezi mitatu kabla yeyote kati yetu hajavifikiria vidonge vyake. Alitibiwa mafua, akanywa tangawizi na asali, akapimwa hata kifua kikuu, na bado kikohozi kile kikavu kilimkaba usiku hadi akaacha kwenda msikitini kwa kuona haya ya kukohoa kwenye safu. Chanzo kilikuwa enalaprili aliyoandikiwa kwa ajili ya presha. Daktari alipombadilishia akampa losartani, kikohozi kiliisha baada ya wiki chache.

Kwa hiyo, kero mpya ikijitokeza mwilini, chukua pakiti usome jina la dawa yenyewe, si la kampuni, kisha ukumbuke ulianza lini kuitumia. Jina likiishia na herufi «pril», kikohozi kikavu ni maudhi yake yanayojulikana. Dawa hizohizo, kwa nadra, huvimbisha midomo, ulimi au uso. Hapo usimeze kidonge kingine, kimbilia hospitali. Mwanamke mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, amweleze daktari mapema, kwa sababu zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Amlodipini huvimbisha miguu. Jioni, bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde kadhaa. Ukiondoa kidole pakabaki kishimo, maji yamejikusanya. Uvimbe wa dawa hii kwa kawaida huwa wa miguu yote miwili, na daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Lakini moyo uliochoka na figo zilizodhoofika huvimbisha miguu vilevile, hivyo ukiona unakosa pumzi unapolala chali, au mguu mmoja tu umevimba na unauma, usisubiri tarehe ya kliniki.

Dawa za kupunguza maji mwilini, kama furosemidi, hukupeleka chooni mara kwa mara, ndiyo maana hushauriwa kumezwa asubuhi.

Ninalolisisitiza zaidi ni hili: atenololi, bisoprololi na propranololi zinaweza kuleta uchovu na kupunguza kasi ya mapigo ya moyo, lakini ukizikatiza ghafla unaweza kupata maumivu makali ya kifua, hata shambulio la moyo. Huachwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kuanza kuzitumia.

Kuna pia dawa tunazojinunulia wenyewe. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazomeza kwa maumivu ya mgongo na magoti, hupandisha presha na huweza kuumiza figo, hasa zikichanganywa na dawa za «pril» na za kupunguza maji. Muulize mfamasia kuhusu parasetamoli badala yake.

Weka daftari. Andika tarehe, dawa uliyomeza, kero uliyoiona na kipimo cha presha, ukipima baada ya kukaa umetulia dakika 5, mgongo umeegemea, mkono ukiwa usawa wa moyo. Siku ya kliniki beba pakiti zote, pamoja na dawa za asili unazotumia, na useme waziwazi: «Daktari, kikohozi hiki kilianza wiki ya pili baada ya kuanza vidonge hivi, je, kuna dawa nyingine ninayoweza kupewa?»