Ukianza CPAP hapa Goma, ianzie ukiwa macho

Wewe uliyepewa mashine ya CPAP kwa sababu pumzi inakatika usingizini, usiivae mara ya kwanza saa ya kulala. Ivae jioni, umekaa, ukisikiliza redio, nusu saa hivi, mpaka hewa inayosukumwa puani iache kukutisha. Mashine nyingi zinaweza kuanza na mgandamizo mdogo unaopanda polepole. Mwombe daktari akuwekee.

Barakoa irekebishe ukiwa umelala na mashine inawaka, maana uso hulegea mtu akilala chali. Hewa ikivujia machoni, usikimbilie kuvuta mikanda. Inyanyue barakoa kidogo, iache ijae hewa, kisha ikae upya. Kukaza mno huleta vidonda juu ya pua, halafu mtu anaiacha kabisa, na hilo linaniuma sana.

Sisi wa Goma tuna vumbi jeusi la mawe ya volkano. Kagua kichujio kila wiki. Kikibadilika rangi, weka kingine. Kuna na umeme kukatika usiku. Mashine nyingi hutumia volti 12 au 24, kwa hiyo betri ya sola inaweza kuibeba kwa waya uliotengenezwa kwa mashine hiyo. Ukiwa kwenye betri, zima kipasha maji, kile kinacholowanisha hewa kwa mvuke, ndicho kinachokula umeme zaidi. Maji yake yawe yaliyokenekwa, ya farmasi. Ya ziwa hapana, hata yakichemshwa chumvi hubaki. Na mashine ikae chini kuliko kitanda, maji yasije yakateremka kwenye bomba hadi puani.