Namna ya Kupanga Mazoezi ya Mwili kwa Mwanafunzi wa Uuguzi Mjini Moshi

Mwanafunzi wa uuguzi hubeba mizigo miwili kwa pamoja: wa darasani, wenye anatomia (elimu ya maumbile ya mwili), famakolojia (elimu ya dawa) na hofu ya mitihani ya marudio, na wa wodini, ambako kosa dogo la kipimo cha dawa humfikia mgonjwa. Msongo huo ukidumu, homoni za adrenalini na kotisoli huuweka mwili katika hali ya tahadhari, moyo hudunda haraka, misuli ya shingo na mabega hukaza na usingizi hukatika. Mazoezi hayapunguzi idadi ya mada za kusoma, lakini huilegeza misuli hiyo, huinua moyo na kurudisha usingizi, na mtu aliyelala vizuri hukumbuka alichosoma.

Anza na ratiba ya zamu, si na nia njema. Nimewaona wanafunzi wengi wakijiapiza kukimbia kila alfajiri, na kiapo hicho kikavunjika katika juma la kwanza la zamu za usiku. Chukua ratiba ya mwezi, weka alama kwenye zamu za asubuhi, za jioni, za usiku na siku za mapumziko, ndipo upange mazoezi katika nafasi zilizobaki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Mwongozo huo hauna tena sharti la zamani kwamba kila kipindi kidumu dakika 10 au zaidi, kwa hiyo hata dakika chache kabla ya kipindi cha darasani zina thamani yake.

Utaniuliza kama kuzunguka wodini kutwa nzima hakutoshi. Huko ni kujishughulisha kweli, lakini ni kutembea kwa kusimama-simama, mgongo ukiwa umeinama juu ya kitanda na akili ikiwa imefungwa kwa mgonjwa. Kwa maoni yangu, mwili huchoka na akili haipumziki. Tafuta mwendo ulio wako mwenyewe.

Katika siku za zamu ya asubuhi, tembea jioni kabla ya kufungua daftari. Moshi imekaa chini ya Mlima Kilimanjaro, na njia nyingi ziendazo kaskazini, kama zile za kuelekea hospitali ya KCMC, ni za kupanda. Basi panda kwanza ukiwa na nguvu, urudi kwa mteremko ukichoka. Barabara za mtaa wa Shanty Town zina miti na kivuli. Kipimo cha mwendo wa wastani ni rahisi: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Nenda na mwenzako, na mrudi kabla giza halijaingia, hasa kwa wasichana.

Zamu ya usiku inahitaji utaratibu wake. Ukitoka asubuhi, kunywa uji, lala, wala usijilazimishe kukimbia huku macho yakifumba. Tembea alasiri baada ya kuamka, dakika 20 au 30, kisha ujiandae kwa kazi. Mazoezi makali yasikaribiane na muda wa kulala.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hufunga njia kwa matope. Fanyia mazoezi chumbani: kuchuchumaa na kusimama, kujisukuma ukutani, kuruka kamba.

Wiki ya mitihani ndiyo inayoharibu mipango mingi, kwa kuwa mazoezi huonekana anasa. Yapunguze hadi nusu, lakini usiyaache. Dakika 15 baada ya saa mbili za kusoma zinatosha.

Acha mazoezi ukiwa na homa, na ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, mwone daktari kwanza. Vilevile, endapo huzuni au kukosa usingizi kumeendelea kwa wiki mbili, au umeanza kufikiri kwamba maisha hayana maana, usingoje mazoezi yakuponye: nenda siku hiyohiyo kwa mlezi wa wanafunzi au kliniki ya afya ya akili, na umwombe yule mwenzako wa matembezi akusindikize.