Kuingiza hesabu, kusoma na kuandika ndani ya kiwango cha uanagenzi

Mwanagenzi anayeharibu mbao mara nyingi mkono wake hauna tatizo. Kashika msumeno vizuri, kafuata mstari, ila mstari wenyewe kauchora pasipo mahali pake. Ndiyo maana kusoma, kuandika, hesabu na kueleza jambo likaeleweka havifai kuwa somo la pembeni. Viandikwe ndani ya kiwango chenyewe cha fani, yaani maandishi yanayosema mwanagenzi aweze kufanya nini na kwa usahihi gani.

Anza na maneno ya kiwango. "Mwanagenzi aweze kukata mbao" haipimiki. Andika: "Akipewa mchoro wenye vipimo vya milimita, akate vipande 6 vya urefu sawa kwa msumeno wa mkono, kipande chochote kisipishane na mchoro kwa zaidi ya milimita 2." Sasa jiulize anatakiwa kujua nini kabla hajagusa msumeno. Kusoma mchoro, ndiyo. Kubadili sentimita kuwa milimita, ndiyo. Lakini kuna jambo wengi hulisahau: msumeno nao hula mbao. Ubao wa milimita 2400 ukigawanywa kwa 6 unatoa 400 kila kipande, na hesabu ya darasani imekubali. Kila mkato ukila milimita 3, mikato 5 imemeza 15, na kipande cha mwisho kitatoka 385. Kwa hiyo ongeza kwenye kiwango: "ahesabu upana wa mkato kabla ya kupanga vipande."

Chambua hivyo kazi tano au sita zinazoibeba fani. Ukizichambua zote utapata kitabu ambacho hakuna fundi atakayekifungua.

Wiki ya kwanza, mpime mwanagenzi kwenye meza ya kazi. Dakika 40 zinatosha: apime vitu vitatu kwa futi, asome lebo ya kopo la rangi na aseme inachanganywaje, asikilize maelekezo ya hatua nne kisha ayatekeleze, aandike mistari mitano kuhusu alichofanya. Usiishie kwenye alama, tafuta chanzo cha kosa. Anayezidisha sentimita 10 kamili kwenye kila kipimo anajua kusoma futi. Ameanzia alama ya 10 kwa kuwa ncha imechakaa, kisha akasahau kutoa. Anayekosea milimita moja kila mara, mkague futi. Kile kindoano cha ncha kimetengenezwa kicheze kidogo, sawa na unene wake, ili kipimo cha ndani na cha nje vilingane. Wapo wanaokigonga kwa nyundo wakidhani kimelegea. Na anayesogeza lebo mbali na macho huenda anahitaji miwani kuliko mwalimu.

Baada ya hapo, somo lifundishwe siku ya kazi inayolihitaji. Chukua sakafu ya zege ya mita 2 kwa 1.5, unene sentimita 10, mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji sehemu 1, mchanga 2, kokoto 4). Kosa kubwa liko mwanzoni: mwanagenzi anazidisha 2 kwa 1.5 kwa 10 na kupata 30, wakati jibu ni mita za ujazo 0.3, kwa sababu sentimita 10 ni mita 0.1. Mwache kwanza apate hiyo 30, kisha mwambie akadirie rundo lake kwa macho, atajisahihisha mwenyewe. Hatua inayofuata ni kuzidisha 0.3 kwa 1.54, maana mchanga huingia katikati ya kokoto na mchanganyiko mkavu hupungua ujazo ukishindiliwa. Inakuja 0.462. Gawa kwa 7 (yaani 1+2+4) upate saruji: 0.066, au lita 66. Mfuko wa kilo 50 una takriban lita 35, basi ni mifuko miwili. Mchanga lita 132, kokoto lita 264. Apime kwa ndoo ileile, iliyosawazishwa mdomoni. Koleo halipimi kitu.

Kuandika kuna mahali pake pia: daftari la kazi. Kila siku tarehe, kazi, vipimo, kilichoharibika na sababu yake. Fundi atie saini siku hiyohiyo, kwani saini za mwezi mzima zinazowekwa kwa mkupuo hazithibitishi chochote. Fundi hodari asiyejua kusoma anaweza kabisa kufundisha. Mwanagenzi amsomee kwa sauti alichoandika, naye amsahihishe kwa mdomo.

Muda wa haya yote uingie kwenye mkataba, la sivyo kazi za wateja zitaumeza. Pendekezo namba 208 la Shirika la Kazi Duniani (ILO), la mwaka 2023, linataka uanagenzi uwe na mkataba wa maandishi; humo ndimo pa kutaja saa za stadi za msingi (kusoma, kuandika, hesabu na kujieleza) kwa wiki, na kwamba ni saa za kazi zinazolipwa kama nyingine.

Kwenye tathmini ya mwisho, mpe mchoro wenye kosa la makusudi. Sehemu tatu za rafu ziandikwe 450, 600 na 450, jumla iandikwe 1550. Atakayejumlisha, akapata 1500 na kuja kuuliza kabla ya kukata, mpitishe kwenye hesabu na kusoma mchoro. Atakayekata bila kuuliza hajafikia kiwango, hata kama mikato yake imenyooka.