Somo: Kuchagua shanta la kupanda mlima kwa mwanamke mwenye umbo dogo

Mwanamke wa kilo 48 akivalishwa shanta lililoshonewa mwanamume mrefu, atabeba kwa mabega peke yake hata akaze mkanda wa nyonga mpaka pumzi imkate. Si kwamba hana nguvu. Mgongo wa shanta ni mrefu kuliko wake, kwa hiyo mkanda umeteremka ukakalia makalio badala ya kukamata mfupa wa nyonga, na mzigo wote umerudi juu. Ndiyo sababu tunaanza na kupima mgongo, kabla ya kuuliza lita (ujazo wa shanta), bei au rangi. Kimo nacho kisikudanganye. Kuna mwanamke wa futi tano na inchi nne ambaye urefu wake wote uko miguuni, na mgongo wake ni mfupi kuliko wa rafikiye wa futi tano kamili.

1. Pima mgongo

Tafuta futi kamba ya fundi cherehani na mtu wa kukusaidia. Vaa fulana nyepesi. Inamisha kichwa mpaka kidevu kikaribie kifua. Pale shingo inapokutana na mabega kitajitokeza kinundu cha mfupa kinachozidi vingine. Hapo ndipo sifuri ya futi inapokaa.

Sasa inua kichwa, uweke mikono kiunoni, vidole gumba nyuma na vile vinne mbele. Bonyeza ukishuka polepole kutoka mbavuni hadi ukingo wa mkono ugote kwenye mfupa mgumu. Huo ndio ukingo wa juu wa nyonga. Wengi hukosea hapa: hushika kiuno chembamba, pale sketi inapofungwa, wakajipunguzia sentimita 4 au 5. Ukibonyeza na bado pananesa, hujafika. Endelea kushuka.

Msaidizi ateremshe futi kutoka kwenye kinundu hadi usawa wa vidole gumba, akifuata bonde la uti wa mgongo, asiinyooshe hewani. Simama kama unavyosimama siku zote, bila kujikakamua. Pimeni mara tatu. Vipimo vikitofautiana zaidi ya sentimita 1, mmoja wenu anateleza mahali.

Kwa watengenezaji wengi, chini ya sm 40 ni XS, na 40 hadi 45 ni S. Lakini herufi hazifanani kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo fuata sentimita zilizoandikwa kwenye lebo. Kisha zungusha futi juu ya ule mfupa wa nyonga, uandike namba hiyo pia, ndiyo ya kuchagulia mkanda wa nyonga. Saizi ya suruali haitakusaidia.

2. Lita

Hapa pasikuchelewesha. Mlima Longonot wa kwenda na kurudi siku moja, au matembezi ya kreta ya Menengai, lita 20 hadi 28 zinatosha. Mlima Elgon wa kulala usiku mbili ukiwa na hema la kugawana, lita 40 hadi 45. Shanta la lita 65 ni mtego kwa mtu mdogo, maana nafasi tupu hujazwa, na mwili unaolipia ni wako. Wapandaji wengi hufuata kadirio hili: safari ya kulala, mzigo usipite sehemu moja ya tano ya uzito wako, safari ya siku moja, sehemu moja ya kumi. Kwa kilo 48 hizo ni kilo 9.6 na kilo 4.8, shanta lenyewe likihesabiwa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kwenye Longonot lita 3 za maji zimekula zaidi ya nusu ya haki yako kabla hujatia hata mkate. Shanta tupu la kilo 2 na nusu liache hapo hapo dukani.

3. Likague likiwa tupu

Kuna migongo ya aina mbili. Mmoja umeshonwa palepale, haubadiliki. Mwingine una mikanda ya mabegani inayopandishwa na kushushwa kwa velkro nene au kwa ngazi ya vitanzi. Huu wa pili ndio rafiki wa mwanamke mdogo, mradi kipimo chake cha chini kabisa kifike kwako. Likishushwa hadi mwisho na bado likasoma sm 43 nawe una 39, liache hata kama muuzaji anaapa kwamba "litazoea". Fremu, yaani kiunzi kigumu cha mgongo wa shanta, haizoei.

Shanta lisilo na lebo lipime mwenyewe: kutoka mahali mikanda ya mabegani inapotokea kwenye mgongo wa shanta hadi katikati ya sponji ya mkanda wa nyonga.

Mashanta ya kike huwa na mambo matatu zaidi ya rangi. Mikanda ya mabegani imekaribiana shingoni, haimwagikii kwenye misuli ya mkono. Imepinda kama herufi S ili ipite kando ya titi, si juu yake. Na mkanda wa nyonga umeshonwa kama koni, juu mwembamba na chini mpana, kwa sababu nyonga ya mwanamke hupanuka kuelekea chini. Mkanda wa kiume ulionyooka humgusa kwa ukingo wa chini tu. Ukingo wa juu unabaki wazi kiasi cha kupitisha vidole, na baada ya saa mbili ule wa chini umeacha alama nyekundu.

4. Lijaze, kisha ulivae kwa mpangilio

Shanta tupu humkaa kila mtu. Chukua pakiti nne za unga wa kilo mbili mbili, uzikunje ndani ya sweta au blanketi jepesi, uziweke karibu na mgongo, usawa wa katikati ya makombe ya mabega. Hizo ni kilo 8. Legeza mikanda yote kabla ya kulivaa. Halafu:

Kwanza nyonga. Inua mabega kidogo, weka sponji ili ukingo wa juu wa mfupa upite katikati yake, funga bizimu, kaza. Mbele, sponji za pande mbili zisikutane: ziache pengo la sm 7 hadi 15. Zikigusana, mkanda hauna tena pa kukazika, na mchana ukitoka jasho utateleza. Pengo likizidi hapo, tazama kama sponji imevuka ncha ya mbele ya nyonga. Isipovuka, utepe mtupu ndio utakaokukata.

Pili mabega. Vuta mikanda kwenda chini na nyuma mpaka iguse bega lote bila kulikandamiza. Msaidizi atazame kwa ubavuni. Mahali mikanda inapotokea kwenye shanta pawe sm 3 hadi 5 chini ya kile kinundu cha shingo. Akiona mwanga kati ya mkanda na kilele cha bega, mgongo wa shanta ni mrefu mno.

Tatu, vikanda vidogo vya juu, vinavyounganisha mkanda wa bega na kichwa cha shanta. Vikae mshazari wa nyuzi kama 45. Vikilala sawa na ardhi au vikiinamia nyuma, shanta ni fupi. Vikisimama karibu wima, ni refu. Hili ndilo hutokea zaidi kwa wadogo. Vikaze kiasi tu, maana ukizidisha vinainua mkanda kutoka begani.

Mwisho kifua. Telezesha kikanda hicho hadi sm 3 hadi 5 chini ya mitulinga, ukifunge upumue hadi mwisho. Kazi yake ni kuzuia mikanda isitawanyike. Hakibebi chochote.

5. Tembea nalo dakika 20

Panda ngazi. Inua goti hadi usawa wa nyonga: mkanda ukichimba paja, umekaa chini mno. Tazama juu kana kwamba unatafuta kishikio kwenye mwamba. Kisogo kikigonga kifuniko, mwambani utapanda bila kuona. Kisha ingiza vidole viwili chini ya mkanda wa bega. Vipite bila kulazimisha. Visipopita, mzigo haujakaa nyongani bado.

6. Ukinunua mitumba

Soko la Kibuye, Kisumu, na masoko ya Nakuru huleta mashanta mazuri sana, ila fungua kabla ya kulipa. Geuza ndani nje: rangi ya plastiki ikibanduka kama ngozi iliyoungua na jua, au ikinata vidoleni, kinga ya maji imekwisha na hairudi. Finya sponji ya nyonga kwa nguvu, kisha uachilie. Ikibaki na shimo la kidole, imekufa. Ingiza mkono nyuma ya mgongo uhisi vyuma vya fremu, kwa sababu mara nyingi kimoja kimetolewa, na shanta hilo litajikunja upande mmoja. Chuma kilichopinda si tatizo, hunyooshwa kwa mikono. Zipu ivutwe kwenda na kurudi mara tano, hasa kama safari ni Longonot, ambako vumbi la volkano huimaliza zipu iliyochoka.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu, nami mwalimu nikijibu

*Mwanachama, Kakamega:* Mwalimu, mgongo wangu ni sm 37. Kila shanta la kike ninaloona linaanzia 40. Nifanye nini?

Tazama mashanta ya vijana, dada. Mengi hurekebishwa chini ya sm 40, na bei huwa nafuu. Angalia mambo mawili. Sponji ya nyonga ivuke ncha ya mbele ya nyonga yako, maana imekatiwa mtoto. Na usilipakie zaidi ya kilo 9 hivi, fremu yake ni nyepesi.

*Mwanachama, Kisumu:* Nilipata shanta zuri, mgongo umenitosha kabisa, lakini sponji za nyonga zinakutana mbele. Fundi wa nguo alikataa kulishika.

Nimwachie fundi wetu wa viatu wa Nakuru ajibu hili.

*Fundi:* Dada, alifanya vizuri kukataa, sindano yake ingevunjika. Kwanza chungulia nyuma ya mto wa kiuno. Kwenye mashanta mengi mkanda umeshikwa kwa velkro na unatoka, basi tafuta mkanda mdogo wa kampuni ileile. Kama umeshonwa, mpelekee mshona viatu. Afumue ncha za mbele, apunguze sponji sm 3 hadi 4 kila upande, arudishe utepe na bizimu. Asikate upande wa nyuma, ataharibu mpindo. Uzi uwe wa nailoni, wa pamba huoza kwa jasho. Mshono uwe mraba wenye msalaba ndani. Mstari mmoja mtupu hufumuka siku ya kwanza.

*Mwanachama, Nakuru:* Tukiwa njiani vidole vyangu hufa ganzi, hasa mkono wa kushoto.

Mkanda wa bega unabana mishipa ya fahamu inayopita kati ya shingo na kwapa. Simama, legeza mabega yote, kaza nyonga upya, kisha rudisha mabega kidogo kidogo. Tazama pia kama chupa ya maji imewekwa upande mmoja, mzigo ukaegemea kushoto. Ganzi ikibaki baada ya kutua shanta, muone daktari kabla ya safari nyingine.

*Mwanachama, Naivasha:* Kwa kupanda kwa kamba Hell's Gate, mkanda wa nyonga haugombani na hanesi, ule mshipi wa usalama wa mpandaji?

Hugombana sana. Mkanda wa hanesi hukaa juu ya mfupa wa nyonga, na mkanda wa shanta ukifungwa juu yake hufunika fundo la kamba na vitanzi vya karabina, zile pete za chuma za kuunganishia kamba. Chagua shanta jembamba la lita 25 hadi 30 lenye mkanda unaotoka. Ufunge njiani kwenda mwambani, kwa sababu kamba ya mita 60 peke yake inakaribia kilo 4, kisha uutoe kabla ya kuvaa hanesi. Shanta lisizidi upana wa mabega yako, viwiko vipite.

*Mwanachama, Kitale:* Nimesuka rasta ndefu na hufunga fundo kisogoni. Kifuniko kinanisukuma kichwa mbele.

Shusha fundo hadi shingoni au uzisuke mikia miwili ya pembeni. Kisha usijaze kifuniko. Koti la mvua, ambalo Elgon utalihitaji mara nyingi, lihamishie mfuko wa mbele.

*Mwanachama, Kericho:* Nina michubuko pande zote mbili za nyonga ingawa vipimo ni sahihi.

Ulivaa nini chini yake, dada? Mshipi wa ngozi, vifungo vya chuma vya jinzi au fundo la leso vikikaa chini ya mkanda hukandamizwa mfupani hatua baada ya hatua. Vaa suruali ya lastiki pana isiyo na mshono mnene ubavuni. Kama michubuko itabaki, teremsha mkanda sm 1 kila baada ya saa moja, kisha uurudishe.