Kusoma moyo wa mtu kwenye picha ya rangi za mafuta

Shangazi yangu wa Tukuyu alikaa mbele yangu kwa muda wa saa mbili, mwezi wa saba, amejitanda kanga juu ya sweta, dirisha likiwa kushoto kwake. Picha ilipokauka (na kwa baridi ya Mbeya rangi za mafuta hazina haraka), kila aliyeiona alisema, "Huyu mama ana majonzi." Hakuwa na majonzi. Alichoka kukaa. Tangu siku hiyo wanaokuja kujifunza kwangu nawasomesha picha hivi.

Hatua ya 1. Usitaje hisia yoyote bado. Tafuta mwanga unatoka wapi. Uso ulioangazwa upande mmoja, upande wa pili ukiwa gizani, huonekana mzito hata kama mwenyewe ametulia tu. Uzito ulioletwa na dirisha uweke kando.

Hatua ya 2. Ziba nusu ya uso kwa karatasi, kisha hamishia karatasi upande wa pili. Hapa usiwe na pupa. Nusu mbili za uso hazikubaliani: jicho moja linakutazama, jingine limerudi ndani kwenye mawazo yake. Angalia kope ya chini. Ikikaza, mtu anajihadhari. Ikilegea, amechoka au amejiachia. Panda kwenye nyusi, shuka kwenye mdomo. Mdomo ukitabasamu huku macho hayajikunji pembeni, mara nyingi tabasamu hilo ni la kumstahi mgeni. Pembe za macho na za mdomo ndizo mchoraji hodari huziacha bila mstari mkali, kama mlima Loleza asubuhi ya ukungu: unajua upo, ukingo wake huuoni. Kwa hiyo sura hubadilika kila ukiirudia.

Hatua ya 3. Mikono. Fungua kwenye simu picha ambayo Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alijichora mwaka 1669, akiwa na miaka 63, mwaka aliofariki. Ipo kwenye jumba la picha la National Gallery, London. Eksirei zimeonyesha kwamba mwanzoni mikono ilikuwa wazi, imeshika brashi. Baadaye akaifunika kwa rangi na kuichora imefumbatana. Mimi naona badiliko hilo ni kubwa mno: fundi aliyekuwa kazini amegeuka mzee anayejitazama.

Hatua ya 4. Nguo na mandhari ya nyuma, pitia tu. Vinaeleza zaidi cheo kuliko moyo.

Hatua ya 5. Chukua daftari, andika "naona" upande mmoja na "nahisi" upande mwingine. Kila unachohisi kiegemee kitu ulichokiona, kisichoegemea, kifute.

Juzi nimeifanyia hivyo picha ya shangazi. Naona: kope zimelegea, mabega yameshuka, lakini vidole vimekamata pindo la kanga kwa nguvu. Nahisi: amechoka, ila hatainuka mpaka nimalize.